Kuasili Mtoto wa Nchi Nyingine (3): Miaka ya Kungoja Kupangiwa

Wiki iliyopita tuliishia pale faili la waombaji linapofungwa. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vimekusanywa, daktari ameandika, polisi wamethibitisha kwamba hakuna rekodi ya uhalifu, afisa ustawi wa jamii amewatembelea nyumbani na kuandika ripoti yake, na karatasi zote zimepigwa mihuri ya wizara na ya ubalozi. Faili limetumwa nchi ya mbali. Kuanzia siku hiyo mume na mke hao hawana la kufanya. Wanangoja kupangiwa mtoto, na hakuna anayeweza kuwaambia watangoja hadi lini.

Swali linaloulizwa sana kuhusu hatua hii ni hili: kama dunia imejaa mayatima, inakuwaje watu wenye nyumba, kipato na hamu ya kulea wakae miaka mitano au saba wakingoja mtoto mmoja? Waulizaji huwa na huruma ya kweli, na wanastahili jibu kamili, kwa sababu majibu ya haraka ya swali hili ndiyo yaliyozaa mabaya nitakayoyaeleza mbele kidogo.

Tuanze na hesabu ya mayatima. UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto yeyote aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 mayatima duniani walikadiriwa kuwa karibu milioni 140, lakini waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa karibu milioni 15. Na hata hao, walio wengi wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa kaka mkubwa aliyeacha shule akaendesha bodaboda ili wadogo zake wale. Nyumba za kulelea watoto nazo, ukizipekua faili moja moja, zina watoto wengi ambao mama yupo: ameshindwa ada, ameugua, au ameambiwa kwamba huko mwanawe atasoma bure. Mtoto kama huyo anahitaji mama yake ashikwe mkono. Hangoji kuasiliwa na mtu wa Milano.

Anayengoja hasa ni yule ambaye wazazi wake wamefariki, au hawajulikani, au wameridhia kisheria alelewe na wengine, na ambaye ndugu na jamaa wametafutwa wakakosekana. Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993, ambao katika ukanda wetu Burundi, Kenya na Rwanda zimejiunga nao, umeweka mpangilio huo bayana. Nchi ya mtoto ithibitishe kwanza kwamba anaweza kuasiliwa. Ipime uwezekano wa kumpatia familia humo humo nchini, ndipo ifikirie ng'ambo. Iandike ripoti ya mtoto, ikizingatia malezi aliyoyapata, kabila lake, dini yake na utamaduni wake, kisha mamlaka za nchi zote mbili zikubaliane kwamba familia hii inamfaa mtoto huyu. Ibara ya 29 inakataza waombaji wasio ndugu wa mtoto kuonana na wazazi wake au wanaomtunza kabla masharti ya msingi hayajatimizwa. Naiona kuwa ibara yenye busara kuliko zote katika mkataba huo. Mwenye pesa akikaa uso kwa uso na mama asiye na kitu, ridhaa ya mama huyo haiwi ridhaa tena.

Ukitaka kuona kwa nini mambo haya hayakimbii, chukua mtoto mchanga aliyeokotwa alfajiri karibu na stendi ya matatu Nairobi. Aliyemwokota anampeleka kituo cha polisi, na tukio linaandikwa kwenye kitabu na kupewa namba, ile ambayo kila Mkenya anaiita OB. Mtoto anapelekwa hospitali, kisha kwenye makao ya watoto. Polisi wanatafuta wazazi. Miezi sita ikipita bila mtu kujitokeza, kituo kinaandika barua ya mwisho kusema kwamba wametafuta wasipate. Bila barua hiyo hakuna kinachosogea. Ofisa aliyempokea mtoto akihamishwa, au kitabu kikijaa na kupelekwa stoo, mlezi wa makao atakwenda kituoni na kurudi mikono mitupu, leo na kesho na keshokutwa. Barua ikipatikana, mtoto anaweza kutangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa. Hapo ndipo anapoweza kupangiwa familia. Mtoto aliyeokotwa na kitovu kibichi sasa anasimama dede.

Nchi iliyowafundisha watu wengi uzito wa kungoja huku ni China. Sheria yake ya kuasili ilianza kutumika Aprili 1992, wakati sera ya mtoto mmoja imekaza, na wasichana wachanga walikuwa wakiachwa kwenye milango ya hospitali, sokoni na kwenye vituo vya mabasi. Katika miongo iliyofuata zaidi ya watoto 160,000 walikwenda kulelewa nje, takriban nusu yao Marekani. Mwaka 2005 peke yake Wamarekani waliwachukua zaidi ya 7,900.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Faili lilipofika Beijing lilisajiliwa, na tarehe ya kusajiliwa ndiyo iliyokuwa nafasi ya mwombaji kwenye foleni. Kitengo kimoja kilikagua karatasi. Likipita, faili lilikwenda kitengo cha pili, ambako wafanyakazi walikuwa na waombaji upande huu na watoto upande ule, nao wakaoanisha. Takriban kila mwezi tangazo lilitoka: waliosajiliwa hadi tarehe fulani wamepangiwa. Kuanzia Hispania hadi Kanada watu walizijua tarehe zao kwa moyo, na wakati wa tangazo ulipokaribia simu ya wakala haikuwekwa mbali.

Kilichofika mwishoni kilikuwa kijitabu chembamba. Picha mbili tatu, aghalabu mtoto kavishwa nguo tatu juu ya nyingine kwa baridi, mikono haishuki, macho yanamtazama mpiga picha kwa mashaka. Jina alilopewa na kituo, kwani vituo vingi viliwapa watoto wao wote jina moja la ukoo. Kurasa chache za daktari: uzito, urefu, mzunguko wa kichwa, idadi ya meno. Tarehe ya kuzaliwa, nayo mara nyingi ya kukadiria. Mahali alipookotwa. Mistari michache kuhusu tabia yake, kwamba anapenda muziki, analala bila shida, anacheka akichezewa. Kwa hayo tu watu walitakiwa kusema ndiyo au hapana kuhusu maisha mazima, na karibu wote walisema ndiyo.

Waliosajiliwa mwanzoni mwa 2005 walingoja miezi sita au saba. Waliosajiliwa mwishoni mwa 2006 walikuwa bado kwenye foleni miaka mitano baadaye. Foleni iliyokuwa ikisogea mwezi mzima kwa mpigo ikawa inasogea siku tatu, mara nyingine mbili. Waombaji walikuwa wamefurika, na wakati huo huo China yenyewe ilikuwa inabadilika. Kipato cha watu kilipanda, watoto walioachwa walipungua, na Wachina waliotaka kuasili waliongezeka. Ni habari njema, hata kama iliwafikia waliokuwa kwenye foleni ikiwa chungu. Mei 2007 Beijing ikakaza masharti: wanandoa tu, umri kati ya miaka 30 na 50, wasiwe wanene kupita kiasi, wasiwe wanatumia dawa za msongo wa mawazo, wawe na mali ya kutosha. Walioomba baada ya hapo wakapungua, lakini waliokwisha kujipanga walibaki walipo.

Kungoja huko kulikuwa na kazi zake. Alama za vidole zilizochukuliwa na uhamiaji wa Marekani hudumu miezi 15. Ripoti ya ustawi wa jamii huisha muda. Kwa hiyo aliyengoja miaka saba alirudi kuchapa vidole vile vile mara tano au zaidi, akapimwa afya upya, akafungua tena kabati za jikoni mbele ya afisa mpya. Aliyeomba akiwa na miaka 43 sasa ana 50. Kitanda cha mtoto kimekaa chumbani hadi mtoto wa jirani, aliyezaliwa mwaka ule faili lilipotumwa, ameanza shule. Marafiki wameacha kuuliza. Watu hao hawana mazishi ya kuhudhuria wala sherehe ya kualika. Nimeona ikiandikwa kwa dharau kwamba hayo ni matatizo ya matajiri, na sikubaliani. Uchungu wa kumtamani mtoto hauna tabaka, na waliokulia kwetu wanajua jinsi mwanamke asiye na mtoto anavyotazamwa harusini.

Palikuwa na njia fupi. Watoto wenye midomo iliyopasuka, matatizo ya moyo, mguu uliopinda, au waliokwisha kuwa wakubwa, waliwekwa kwenye orodha nyingine. Wakala aliifungua, akalifunga faili moja kwa ajili ya familia moja, na familia hiyo ilikuwa na saa 72 za kutuma barua ya nia au kuliachia. Saa 72 za kumtafuta daktari wa moyo usiku, kumwonyesha picha ya eksirei iliyopigwa miezi minane nyuma, na kuzungumza kitandani mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza. Mwishoni watoto wengi waliotoka China walipitia njia hii. Hapo ndipo jibu la lile swali la mwanzo linapoonekana wazi. Waombaji wengi walitaka mtoto mchanga, mzima wa afya. Waliokuwa wakingoja kwenye makao walikuwa na miaka saba, au na dada watatu wasiotaka kutenganishwa, au na kifafa. Foleni mbili ndefu, kila moja ikitazama upande wake.

Wazazi waliokuwa wakingoja walijifariji kwa hadithi ya Kichina ya uzi mwekundu unaowafunga wale waliopangiwa kukutana. Hadithi hiyo kwao China ni ya ndoa. Mzee wa mwezini huwafunga mume na mke wajao miguuni. Kuihamishia kwa mzazi na mtoto ni kazi ya wageni, na ninaelewa ilivyowasaidia kulala. Lakini ukisema mtoto huyu alikuwa wangu tangu mbinguni, unakuwa umesema pia kwamba aliyemzaa alikuwa njia tu ya kupita. Mama huyo alikuwa na jina. Huenda alisimama nyuma ya nguzo akitazama nani atamwokota mwanawe.

Na wakati mwingine hakumwacha. Mwishoni mwa 2005 iligundulika mkoani Hunan kwamba vituo kadhaa vilikuwa vikinunua watoto wachanga kutoka kwa wachuuzi wa watoto, kisha kuwaandika kuwa wameokotwa. Mapema 2006 mahakama iliwafunga waliohusika. Ukitafuta mzizi utaukuta kwenye mchango: kila familia ya kigeni ililipa kituo takriban dola 3,000 kwa mtoto mmoja. Kwa kituo cha wilaya ya mashambani hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Watoto walioachwa walipoanza kupungua na wageni wakabaki kwenye foleni na fedha zao, fedha zikaenda kutafuta watoto pale walipokuwa, yaani mikononi mwa mama zao. Hakuna mwombaji hata mmoja aliyetaka jambo hilo. Lakini urefu wa foleni yao ulikuwa sehemu ya sababu, na nadhani kila anayengoja leo anapaswa kulijua hilo kabla hajamsukuma wakala wake aharakishe.

Jirani zetu wa Kongo wameonja sura nyingine. Tarehe 25 Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliacha kutoa vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Serikali ilisema inahofia watoto kuteswa au kupitishwa kwa watu wengine huko waendako. Mamia ya familia za Marekani na Ulaya walikuwa wamekwisha kupangiwa. Wengi walikuwa na hukumu za mahakama za Kongo mkononi, zinazosema huyu ni mtoto wenu. Watoto wakabaki Kinshasa na Lubumbashi, wengine kwa walezi waliolipwa kwa mwezi, wengine na mama wa kuasili aliyehamia huko akawaacha mume na watoto wengine nyumbani. Idadi kubwa waliruhusiwa kuondoka mwanzoni mwa 2016. Aliyekuwa na mwaka mmoja akapanda ndege akiwa na miaka mitatu na nusu.

Watu walilaani kusimamishwa huko, na waliokumbwa nako walikuwa na haki ya kulia. Hata hivyo, mwaka 2017 vyombo vya habari vya Ubelgiji vilieleza habari ya watoto waliofika huko kutoka Kinshasa na ambao wazazi wao walikuwa hai Gemena, kaskazini-magharibi mwa Kongo. Wazazi hao waliwaruhusu watoto wao wasafiri kwa kuamini wanakwenda kambi ya likizo na kurudi. Hawakurudi. Faili zilisema wametelekezwa. Fikiria familia ya Ubelgiji iliyongoja miaka, ikapokea picha, ikapamba chumba, ikamlea binti hadi akaizungumza lugha yao, halafu ikaambiwa kwamba baba yake huko Gemena bado anamngoja. Kulikuwa na watu wawili waliomngoja mtoto mmoja, na mmoja wao hakujua kwamba kuna foleni.

Baada ya hapo milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Kenya ilikuwa imesimamisha kuasiliwa kwa watoto wake na wageni Novemba 2014, ikarudia kwa ukali zaidi 2019. Ethiopia ilipiga marufuku Januari 2018. China ilisitisha safari mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na mwishoni mwa Agosti 2024 ikafunga kabisa, isipokuwa kwa wageni wanaochukua watoto wa ndugu zao wa damu au watoto wa kambo. Mamia ya familia zilizokuwa zimepangiwa kabla ya korona zilikuwa bado zinangoja. Watoto wao walikuwa wamekwisha kuonyeshwa picha, wakaambiwa hawa ndio baba na mama. Hilo linaniuma kuliko mengine yote katika habari hii. Serikali ina haki ya kufunga mlango, lakini mtoto aliyekwisha kuambiwa ana wazazi alistahili faili lake limalizwe. Marekani, iliyopokea watoto karibu 23,000 mwaka 2004, mwaka 2023 ilipokea chini ya 1,300.

Sasa kuna upande ambao wanaofurahia milango kufungwa hawausemi. Mwaka 2001 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kuwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, Romania. Kwa kura, nusu walipelekwa kwenye familia za kuwalea kwa muda na nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliotoka vituoni kabla ya kufikisha miaka miwili walikua vizuri zaidi kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na mtu, kuliko waliochelewa. Wale waliobaki hawakukosa chakula. Walikosa mtu mmoja wa kuwaitikia wanapolia usiku. Kwa hiyo kila mwezi tunaouongeza kwa ajili ya uangalifu, na ni lazima tuuongeze, mtoto ndiye anayeulipa.

Kutokana na hayo mimi nashikilia jambo moja: muda wa kungoja usiwe mtupu. Mtoto asingoje kituoni. Angoje katika familia ya kumlea kwa muda, siku za kwanza kabisa, wakati polisi na ustawi wa jamii wanatafuta wazazi, kisha ndugu, kisha familia ya humo nchini, yote yakienda sambamba na kwa tarehe zilizoandikwa. Barua ya miezi sita iandikwe mwezi wa sita, si wa kumi na nne. Kwa upande wa waombaji, napenda njia iliyochukuliwa na majirani wawili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Uganda, ilipoirekebisha sheria yake 2016, ilimtaka akae mwaka mmoja na kumlea mtoto katika muda huo. Waombaji wengi wa nje huona masharti hayo ni ukuta. Lakini mtu aliyekaa Arusha miaka mitatu hampendi mtoto wa kwenye picha. Anamjua bibi anayekuja kumtembelea mtoto Jumapili, na akimwona bibi huyo atauliza maswali.

Maswali hayo hata aliye mbali anaweza kuyauliza kabla ya kutia saini. Nani alimtafuta mama wa mtoto, kwa muda gani, na yako wapi maandishi yake? Tangazo lilitolewa wapi, kwa lugha gani, na mama asiyejua kusoma angelisikiaje? Ndugu wangapi waliulizwa? Kituo kinapata kiasi gani kwa kila mtoto anayeondoka? Wakala anayekasirika kwa maswali hayo aachwe, hata kama mtu amengoja miaka sita na picha imekwisha kubandikwa kwenye friji.

Wiki ijayo nitaieleza kafala, njia ya Kiislamu ya kumlea mtoto bila kumbadilisha ukoo, ambayo Mkataba wa Haki za Mtoto unaitaja kwa jina katika ibara ya 20, na kwa nini nchi nyingi za Ulaya zimeshindwa kuipatia nafasi katika sheria zao.